Fui: Kuwa na Kwenda

Mwanafunzi wa Kihispania hujua mapema kwamba kitenzi ser ni "kuwa" na ir ni "kwenda". Vitenzi hivyo havifanani kwa sauti wala kwa maana. Lakini afikapo kwenye wakati uliopita wa tendo lililokwisha, huvikuta vimevaa vazi moja: fui, fuiste, fue, fuimos, fuisteis, fueron. Fui maestro ni "nilikuwa mwalimu"; fui al mercado ni "nilikwenda sokoni". Kanuni alizozizoea hazimsaidii. Hana budi kuyahifadhi maumbo hayo kama yalivyo, kisha alitazame neno lifuatalo ndipo aijue maana.

Kihistoria, umbo hilo ni mali ya "kuwa" tangu enzi za Kilatini. "Kwenda" nacho kilikuwa na umbo lake. Likapotea, kikaazima la jirani. Mswahili ana sababu ya kutolistaajabia mno jambo hili, kwani "nilikuwa" na "nilikwenda" pia huing'ang'ania ku- ambayo "nilisoma" na "nililima" huiacha. Ila Kiswahili hakikuvichanganya.

Hata Kihispania hakivichanganyi kila mahali. Kina wakati mwingine uliopita, unaolitazama jambo likiwa lingali linaendelea, bila ya kuutaja mwisho wake. Humo era ni "nilikuwa" na iba ni "nilikuwa nikienda", kila kimoja na njia yake. Ni pale jambo linapofungwa ndipo kuwa na kwenda hushikana. Asemaye era ladrón huusimulia wizi wake kama hali ya siku zile. Asemaye fui ladrón huwa ameufunga, na neno lenyewe huwa kana kwamba lamtolea ushahidi: alikuwa mwizi, naye amekwenda zake.

Hapo ndipo swali la maadili linapozuka. Nani mwenye haki ya kuufunga wakati? Mwizi aweza kukibadili kitenzi kwa pumzi moja. Fundi aliyeibiwa cherehani hawezi. Kila kukicha yeye hana cherehani, na watoto wake huliona pengo lake mezani. Kwa mkosaji jambo limekwisha. Kwa mkosewa lingali linaendelea. Tukio ni moja, nyakati ni mbili.

Kiswahili kina neno "toba", lililotoka katika Kiarabu, na asili yake ni kurejea. Watu wa mwambao wanayajua mafunzo yake: ikiwa iliyoguswa ni haki ya mja, kujuta na kuacha pekee hakutoshi, sharti haki irudi kwa mwenyewe, au mwenyewe asamehe. Fui huondoka, toba hurudi. Aliyeuacha wizi bila ya kurudisha alichokiiba ni kama mpangaji aliyehama na kodi ya watu: yeye hayumo tena nyumbani, lakini deni limo.

Sarufi humfunza mwanafunzi wa fui kulingoja neno linalofuata kabla ya kuhukumu. Basi na asemaye "nilikuwa mwizi" angojewe vivyo hivyo. Kauli yake haijatimia mpaka ijulikane amekwenda wapi, na kama njia yake imepita mlangoni kwa fundi.