Je, Nisogeze Jina la Baba?

Somo: Marko 5:21–43

Jumapili iliyopita nilihubiri habari za Yairo, na baada ya ibada watu watatu wakaniuliza kwa nini nilinyamaza katikati ya mahubiri. Nilikuwa nimemkumbuka baba yangu. Leo wacha niandike kile kilichonishinda kusema pale mbele.

Kwetu ni Bomet. Baba alikuwa karani wa kituo cha majani chai kwa miaka mingi, yule mtu wa mizani. Mwaka jana alianza kusema ugali unamkwama. Mama akampikia wali, kisha viazi vya kuponda, kisha uji. Tulipompeleka hospitali wakaingiza kamera kooni, wakatoa kinyama kidogo kipelekwe maabara. Majibu yalichukua wiki tatu: saratani ya umio, ile watu wetu huita kensa ya koo. Wenzangu wa Bonde la Ufa mnaijua. Imezika wengi upande wetu. (Mwaka 2016 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walisema kwamba vinywaji vya moto sana, zaidi ya nyuzi 65, huenda vinachangia ugonjwa huu. Nyinyi mnaokunywa chai ikitoka jikoni, ngojeni ipoe kidogo.)

Baada ya majibu tukangoja skani. Baada ya skani tukangoja idhini ya bima. Baada ya idhini jina la baba likaingizwa kwenye orodha ya mionzi katika hospitali moja kubwa, na hapo tukaambiwa kuna laini. Halafu mashine ikaharibika. Kila tulipopiga simu jibu lilikuwa moja: "Mtaitwa." Kila tulipoenda kliniki baba alipanda kwenye mizani, na kwa sababu alikuwa mtu wa mizani alijisomea mwenyewe. Kilo 68. Kilo 64. Kilo 61. Hakusema kitu. Alishuka, akavaa viatu.

Wiki ya sita ndugu yangu mkubwa akanipigia. Alikuwa amepata mtu wa ndani. Elfu ishirini, na jina la mzee litatoka kule nyuma liingie kati ya kumi za kwanza mashine ikitengenezwa. Mimi ndiye nilikuwa nimeshika pesa za matibabu, na mnajua zilitoka wapi. Nyingi zilitoka kwenu. Kuna mama hapa kanisani alileta shilingi mia mbili zikiwa zimekunjwa ndani ya leso.

Nilimwambia ndugu yangu kwamba siwezi, mimi ni mchungaji. Akanijibu neno ambalo bado linaniuma: "Wewe unataka dhamiri safi. Mimi nataka baba."

Wapendwa, msimhukumu haraka. Hakuwa mtu mbaya siku hiyo. Alikuwa mtoto anayemwona mzazi wake akiisha. Mimi mwenyewe usiku ule nilifungua simu, nikaandika ile namba, nikaandika 20,000, nikabaki nimekaa nayo hivyo mpaka kioo kikazima. Swali lilikuwa wazi: amri inaniambia nimheshimu baba yangu na mama yangu. Je, kumheshimu baba si kufanya kila kitu apone?

Nilisomea biashara kabla sijaitwa kwenye huduma, na kulikuwa na somo zima kuhusu laini: laini za benki, za bandari, za kiwanda. Jambo moja nililijua tangu darasani. Ukimsogeza mtu mmoja mbele kwa pesa, laini haipungui. Mashine inahudumia watu wale wale kwa siku. Zile wiki ulizomwondolea baba yako hazikupotea, kuna watu wamebebeshwa. Kama baba alikuwa namba arobaini akawa namba tisa, basi watu thelathini na mmoja wamerudishwa nyuma hatua moja moja bila kuulizwa, na yule aliyekuwa aitwe Ijumaa labda ameitwa Jumatatu. Tena mwenye kuuza nafasi hana haja laini iishe. Ikiisha, yeye anakosa biashara. Kwa hiyo elfu ishirini yangu ingesaidia kuiweka laini ile ile ninayoililia.

Hiyo hesabu niliijua, lakini mtu hamwachi baba yake kwa sababu ya hesabu. Ndipo nikarudi kwa Yairo.

Yairo ni kiongozi wa sinagogi. Binti yake wa miaka kumi na miwili yuko karibu kufa. Amempata Yesu, Yesu amekubali, wako njiani. Kama ni laini, yeye ndiye namba moja. Halafu Yesu anasimama. Anasimama kwa ajili ya mwanamke ambaye jina lake hata halikuandikwa. Amekuwa mgonjwa miaka kumi na miwili, yaani miaka yote ambayo yule binti ameishi, na Marko anatuambia katika mstari wa 26 kwamba pesa zake zote ziliishia kwa waganga. Hana wa kumsemea, hana kitu kidogo cha kutoa. Na Yesu hamponyi akapita. Anauliza nani amemgusa, anamngoja ajitokeze, anamsikiliza aseme habari yake yote. Yairo amesimama pale. Kabla mazungumzo hayajaisha, watu wa nyumbani wanafika na habari kwamba mtoto amekufa.

Nilikuwa nimehubiri habari hii mara nyingi nikikimbilia mwisho wake mzuri. Usiku ule nilikaa katikati. Niliona kwamba yule mwanamke ndiye mtu ambaye mimi nilikuwa karibu kumruka. Kwangu alikuwa namba thelathini na kitu. Kwa Yesu alikuwa binti, hivyo ndivyo alivyomwita. Yairo alikuwa anamwombea binti yake, kumbe na huyu naye ni binti wa Mtu.

Hebu nijibu maswali mawili ambayo ndugu yangu aliniuliza, maana ni ya haki.

La kwanza: "Na wale wanaoenda hospitali ya binafsi, si wanaruka laini kwa pesa?" Tulipiga hesabu ya binafsi, ikatushinda. Lakini anayeenda kule anaacha nafasi yake huku, na wa nyuma wanasonga. Hamsukumi mtu. Sisemi nchi ambayo uhai unategemea mfuko ni nchi yenye haki. Nasema tu kwamba kulipia huduma na kununua nafasi ya mgonjwa mwingine ni vitu viwili. Hata Sheria ya Hongo ya mwaka 2016 inamshika anayetoa sawasawa na anayepokea.

La pili: "Kwa hiyo tukae tu, tuseme ni saa ya Mungu?" Hapana. Hapa naomba tutubu kama kanisa. Tumezoea kumwambia mgonjwa asubiri saa ya Mungu, tukitaja Lazaro. Katika Yohana 11 Bwana Yesu alikaa siku mbili zaidi akijua atakachofanya. Mashine iliyokosa kipuri haijui kitu. Faili iliyolala mezani haina mpango na maisha ya mtu. Tusimwekee Mungu sahihi kwenye uzembe wa watu. Kufuatilia si ukosefu wa imani. Yairo mwenyewe alipiga magoti akasihi sana.

Na kuna kupita mbele ambako ni halali. Daktari akisema huyu anavuja damu, huyu hawezi tena kumeza maji, apite. Hapo laini imepindwa na hitaji, kwa mkono wa anayejua, mchana, mbele ya watu. Kipimo changu ni hiki: je, naweza kuwaeleza wale waliokaa kwenye benchi kwa nini baba ametangulia? Kama siwezi kuwaambia usoni, basi nimewaibia.

Asubuhi nilienda nyumbani Bomet. Ilikuwa imenijia kwamba tulikuwa tumejadili maisha ya mzee wiki nzima na hakuna aliyemuuliza mwenyewe. Nilimkuta ameketi nje juani na kikombe cha uji. Nikamweleza yote, hata ile ya kuandika 20,000 kwenye simu. Alinyamaza kwa muda mrefu.

Akasema, "Pasta," huniita hivyo akitaka kunichokoza, "pale kituoni mvua ikikaribia kila mtu alitaka majani yake yapimwe kwanza. Waliniletea mpaka kuku. Nikawaambia, pangeni laini. Sasa unataka nikufe nikiwa nimeruka laini?"

Nikamwambia, "Baba, sitaki ukufe."

Akasema, "Hata mimi sitaki, kijana yangu. Nenda uwasumbue. Lakini usiwalipe."

Basi tukawasumbua. Tulirudi kliniki na kitabu cha kilo zake, tukaomba daktari amwone upya. Tuliandika barua kwa mkubwa wa hospitali kuuliza mashine itatengenezwa lini. Katiba yetu, ibara ya 47, inampa kila mtu haki ya kuhudumiwa na ofisi za umma kwa haraka na kwa usawa. Tuliuliza vituo vingine, maana siku hizi mionzi ya umma haiko Nairobi peke yake. Iko hata Eldoret, Nakuru na Mombasa. Na nilianza kukaa kwenye lile benchi na kuandika majina ya wenzetu waliokubali, ili tukiuliza, tuulize kwa ajili ya wote.

Baba aliitwa wiki ya tisa. Daktari alitueleza kwa upole kwamba ugonjwa umesonga, na kwamba mionzi sasa ni ya kumsaidia ameze na kupunguza maumivu, si ya kumponya. Je, zile wiki tatu zingebadilisha kitu? Ndugu yangu anaamini hivyo. Mimi siwezi kumwambia amekosea. Tunaongea, lakini kuna chumba kati yetu ambacho hatuingii. Sitawadanganya kwamba kutenda haki hakukunigharimu.

Baba yuko nasi bado. Juzi alikunywa chai, iliyopoa, kikombe kizima, na mama akalia. Yairo alirudishiwa binti wake siku ile ile. Wengi wetu tutarudishiwa wapendwa wetu siku ile kuu tu, na mpaka hapo tunaishi kati ya habari mbaya na neno la Bwana la kutuambia tusiogope. Hapo katikati ndipo nilipokwama Jumapili. Nadhani ndipo walipo wengi wenu.

Kwa vikundi vya nyumbani wiki hii:
1. Umewahi kupitishwa mbele kwa njia ambayo usingeweza kuwaeleza waliobaki nyuma?
2. Ni nani katika kikundi chenu anangoja matibabu sasa, na nani atamsindikiza kwenye kliniki ijayo?
3. Tuombee wagonjwa wote walio kwenye orodha, kwa majina kama tunayajua, pamoja na mafundi na madaktari wanaowahudumia.