Nia ya Mpanda Baiskeli

Miongoni mwa masuala ambayo maulamaa wa itikadi wameyashindania kwa karne nyingi, na ambayo hata mtu asiyewahi kufungua vitabu vyao huyakuta mlangoni pake, ni hili: nia ya mja, je, ni mali yake mwenyewe, aiitayo ikaitika, au ni kitu anachojaliwa, ambacho leo humjia na kesho humkimbia, ingawa hakubadilika afya wala akili? Watu hulijadili suala hili kwa mifano ya sala na toba, na wana haki. Lakini mimi sijaliona likijidhihirisha waziwazi kama linavyojidhihirisha katika mbio za baiskeli za kushindana na saa.

Katika mbio hizo hakuna kundi. Wapanda baiskeli huachiliwa mmoja mmoja, kila mmoja akimtangulia mwenziwe kwa dakika moja, mbili au zaidi, na bingwa ni yule ambaye saa imemhesabia muda mchache kuliko wengine wote. Ndivyo ulivyoshindaniwa ubingwa wa dunia wa barabarani wa mwaka 1921 mjini Copenhagen, mwendo wa kilomita 190, ingawa baadaye mbio za kundi zilishika nafasi hiyo, na ubingwa wa saa ukapewa siku yake peke yake mwaka 1994 huko Sicilia. Tofauti ya aina hizi mbili si ndogo. Aliye ndani ya kundi hukingwa upepo na migongo ya wenziwe, na hata moyo wake ukilegea, gurudumu lililo mbele yake humvuta na haya ya kuachwa humsukuma. Ama aliye peke yake, hana cha kumvuta ila kile alichotoka nacho nyumbani.

Na matayarisho yake ni ya kustaajabisha. Kwa kuwa katika njia tambarare sehemu kubwa ya jasho hutumika kuupasua upepo, na kwa kuwa atakaye kuuzidisha mwendo wake mara mbili hana budi kuukabili upepo huo kwa nguvu mara nane, watu hawa huingizwa katika vyumba vya kupulizia upepo, wakapimwa namna ya kuinamisha kichwa, kukunja viwiko na kukutanisha mikono mbele ya uso, na mavazi yao yakachaguliwa mshono kwa mshono. Huijua njia kona kwa kona kabla ya kuikimbia, na hupangiwa nguvu ya kutoa katika kila kilima, maana anayeitoa yote katika robo ya kwanza hulipa deni hilo mwishoni, tena kwa riba. Kisha huja saa yenyewe: mpanda baiskeli yu juu ya jukwaa la mteremko, viatu vimekwisha fungamana na pedali, mtu nyuma yake amelishika tandiko asianguke, na mwenye saa mbele yake anakunja vidole vya mkono kimoja baada ya kimoja. Kidole cha mwisho kikikunjwa, ule mkono wa nyuma huachia, na mbele yake husalia njia tupu.

Marlen Reusser wa Uswisi, aliyekuwa tabibu kabla ya kuifanya baiskeli kazi yake, aliyajua yote haya kuliko wengi. Alipata nishani ya fedha katika ubingwa wa dunia wa 2020 na wa 2021, fedha nyingine katika Olimpiki ya Tokyo, na shaba katika ubingwa wa dunia wa 2022. Mwezi wa Agosti 2023, huko Stirling katika nchi ya Scotland, alianza mbio za ubingwa wa dunia za kushindana na saa akiwa mmoja wa waliotazamiwa kushinda, na katikati ya njia akaacha kukanyaga, akasimama, akashuka. Baiskeli ilikuwa nzima, na mwili haukuwa na jeraha. Hakutafuta kisingizio, bali alieleza kwamba alichokosa ni ile hamu ya kujitia tena katika mateso. Angalidai kuwa tumbo limemkata, nani angalimpinga? Yeye alisema kweli iliyo nzito kuliko zote kwa bingwa, kwamba ameiita nia yake na haikuitika. Anayeuita huo uvivu hajapata kutazama ni miaka mingapi ya taabu iliyomfikisha mtu yule kwenye jukwaa lile.

Hapa ndipo wanapoingia maulamaa. Mu'tazila walishika kwamba mja ndiye muumba wa vitendo vyake, maana bila hivyo, walisema, thawabu na adhabu hazina insafu; na Jabriya, kwa upande wao, wakamnyima mja kila hiari. Abul-Hasan al-Ash'ari, aliyefariki Baghdad yapata mwaka 936, naye aliwahi kuwa mwanafunzi wa hao Mu'tazila, alifuata njia ya kati: Mwenyezi Mungu hukiumba kitendo, na mja hukichuma. Itikadi hiyo ndiyo iliyosomeshwa katika darasa za Lamu, Mombasa na Unguja, na Ibadhi wa Oman hawako mbali nayo. Wapinzani wake wamelalamika siku zote kuwa haieleweki, kwani kitendo kikiwa kimekwisha umbwa, mja huchuma nini? Nami nadhani katika maisha ya mpanda baiskeli mna jawabu bora kuliko mengi niliyoyasikia.

Tazama ni yapi yaliyo mikononi mwake. Kuamka alfajiri, kula kwa kiasi, kukirudia kilima kilekile wakati wa baridi, kulala mapema: haya aweza kuyafanya hata siku asiyoyatamani. Lakini ile nguvu ya kutaka, ambayo katika dakika ya thelathini, mapaja yakiwaka na pumzi haitoshi, humfanya akaze badala ya kulegeza, hiyo haipatikani kwa mazoezi peke yake, kama vile mtu awezavyo kutawadha kwa ukamilifu, akaelekea kibla kwa wakati wake, na bado khushui isimjie. Udhu hauileti khushui kwa lazima. Walakini hakuna aliyesema kwamba kwa hivyo udhu ni bure, wala kwamba aliyesali leo moyo wake ukiwa mbali asirudi msikitini kesho. Nguvu ile ni taufiki, na taufiki huombwa.

Reusser alirudi. Mwaka 2024 maradhi yalimweka nje ya Olimpiki ya Paris na sehemu kubwa ya msimu. Kisha, tarehe 21 Septemba 2025, mjini Kigali, katika ubingwa wa dunia wa barabarani uliofanyika kwa mara ya kwanza katika bara la Afrika, juu ya vilima vilivyo mita kama 1,500 kutoka usawa wa bahari, alikimbia kilomita 31.2 kwa dakika 43 na sekunde 9, akamwacha Anna van der Breggen wa Uholanzi, aliyekuwa wa pili, kwa zaidi ya sekunde 50. Elimu ya mbio alikuwa nayo tangu Stirling; kilichomrudia ni ile nia. Wako watakaotaja kwamba baina ya miji hiyo miwili alibadili timu, na huenda hilo likawa na sehemu yake. Lakini timu haimpandii mtu kilima.

Atauliza msomaji: ikiwa nia ni majaliwa, mwanadamu asifiwe kwa lipi? Siku hiyohiyo wanaume walikimbia kilomita 40.6. Remco Evenepoel wa Ubelgiji, aliyeachiliwa dakika mbili na nusu nyuma ya Tadej Pogačar wa Slovenia, bingwa wa Tour de France, alimfikia na kumpita karibu na mwisho, katika kilima cha Kimihurura kilichotandikwa mawe, mbele ya umati uliojipanga kando ya njia. Evenepoel alitwaa dhahabu yake ya tatu mfululizo, na sifa zake ni haki. Lakini mimi humfikiria zaidi yule aliyepitwa. Dhahabu ilikuwa imekwisha mponyoka, na macho yote yalikuwa yakimtazama. Hata hivyo saa yake ilikuwa ingali ikihesabu, naye hakuacha kukanyaga, akawa wa nne, akiikosa shaba kwa kiasi cha sekunde moja. Sifa ninayompa si ya matokeo, maana hakupata kitu. Wala si ya kuiumba nia ile, maana sidhani kama aliiumba yeye. Namsifu kwa kuwa ilipomjia katika saa ya fedheha hakuikataa, na katika kule kutoikataa ndiko naona mja huchuma. Jumapili iliyofuata, tarehe 28, Pogačar alishinda mbio za kundi mjini humohumo, Evenepoel akiwa wa pili. Naye angaliistahiki sifa yake ya Kimihurura hata kama Jumapili hiyo angaliachwa nyuma ya wote.