Sitara ya Mtoto Mkononi mwa Walii

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyetutoa matumboni mwa mama zetu tukiwa uchi akatuvika, akazijua aibu zetu akazisitiri. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, ambaye masahaba wake wamesimulia kwamba haya yake ilizidi ya mwari aliye utawani, pamoja na ahli zake na sahaba zake wote. Ama baad.

Ndugu zangu katika imani, jambo ninalokusudia kulinena lahesabiwa na wengi kuwa dogo, na kwa udogo wake huo machoni petu limeingia majumbani mwetu bila ya kupiga hodi: nalo ni desturi ya baba na mama kuzieneza habari na picha za watoto wao katika mitandao ya kijamii. Mtoto huzaliwa usiku, na kabla hajaadhiniwa sikioni sura yake imekwisha kuonekana Maskati, London na Toronto. Akioga katika beseni huonyeshwa. Akitahiriwa, kilio chake hurekodiwa. Akiugua, hupigwa picha na mpira wa dripu ungali mkononi. Akianguka mtihani, akikojoa kitandani, akichapwa, akitishwa kwa mzaha hata akalia kwa hofu, yote hayo hurushwa katika Facebook, Instagram, TikTok na stetasi za WhatsApp, watu wakacheka, wakapelekeana. Na anayeyatenda haya si adui wa mtoto; ni yule yule ambaye, lau mpita njia angalichungulia dirishani wakati mwanawe anaoga, angalimtokea na fimbo.

Basi nauliza suala moja, na juu yake ndipo mawaidha haya yote yatakaposimama: sitara ya mtoto ni ya nani? Wazazi wengi, ingawa hawatamki kwa ulimi, hujibu kwa vitendo kwamba ni yao, kwa kuwa mtoto ni wao, wamemzaa wao na wanamlisha wao. Walakini sheria yetu imekwisha kutufundisha kuifikiri mas'ala hii kwa hukumu zake za mali. Mtoto mdogo ana milki yake mwenyewe: akirithi nyumba, au akaachiwa shamba la minazi, mali hiyo ni yake tangu siku hiyo, ijapokuwa hajui hata kuitaja. Na kwa kuwa hajafikia rushdi, yaani ukomavu wa akili wa kuyaendesha mambo yake, huwekewa walii wa kumtazamia, naye katika madhehebu ya Imam Shafii, tunayoyafuata wengi wetu wa pwani, ni baba, kisha babu mzaa baba, kisha wasii aliyeusiwa, kisha kadhi. Lakini walii huyu, hata awe ndiye baba mwenyewe, mkono wake umefungwa: hana ruhusa ya kuitoa hiba mali ya mtoto, wala haiuzi ardhi yake ila kwa haja au kwa faida iliyo dhahiri. Na kuhusu mayatima, Mwenyezi Mungu ameamrisha katika Suratun-Nisaa, aya ya 6, kwamba wajaribiwe hata wafikie umri wa kuoa, na ikionekana kwao rushdi wakabidhiwe mali yao mbele ya mashahidi, asije mlezi akaila kwa israfu na kwa haraka akichelea kukua kwao.

Tukiisha kulifahamu hilo, na tukumbuke kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, katika Hija yake ya kuaga aliziweka damu zetu, mali zetu na heshima zetu katika hukumu moja ya utukufu, wala hakuiteremsha heshima chini ya mali. Ikiwa baba hana ruhusa ya kumpa jirani mnazi mmoja wa mwanawe, ameipata wapi ruhusa ya kuwapa watu asiowajua uchi wa mwanawe, na machozi yake, na maradhi yake? Mnazi uliotolewa kwa dhuluma huweza kurudishwa, au thamani yake ikalipwa. Lakini picha iliyokwisha kunakiliwa katika simu za watu hairudi kwa mwenyewe hata mzazi akiifuta kwake, na kicheko kilichokwisha kuchekwa hakina dia. Kwa hiyo nasema, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi, kwamba sitara ya mtoto ni milki ya mtoto, na mzazi ni walii wake tu: atailinda, wala hataitoa ila kwa maslaha ya mtoto mwenyewe.

Wazee wetu wa Lamu, Mombasa na Unguja waliijua thamani ya sitara hata wakaijengea kuta. Mgeni wa kiume hukaribishwa barazani au katika daka, na katika nyumba nyingi za mawe njia ya kuingilia ilipindwa makusudi, ili jicho lililo mlangoni lisifike ua wa ndani. Walijifunza hayo katika Suratun-Nur, iliyotukataza kuingia nyumba zisizo zetu mpaka tupate idhini na tuwasalimu wenyewe, kisha ikaendelea, katika aya ya 58, kuwafundisha adabu hata watoto wasiobaleghe, kwamba waombe ruhusa kabla ya kuwaingilia wakubwa katika nyakati tatu: kabla ya Sala ya Alfajiri, adhuhuri watu wanapovua nguo, na baada ya Sala ya Isha. Tazameni basi jinsi mambo yalivyopinduka: mtoto huyu anafundishwa katika madrasa asiufungue mlango wa baba yake pasi na ruhusa, na baba huyo huyo amewafungulia maelfu ya watu mlango wa chumba anachovalia mtoto.

Na tukitaka kujua Mtume aliwatendeaje watoto, ziko habari mbili zinazotutosha. Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari na ya Muslim kwamba aliletewa kinywaji akanywa, na kuliani kwake palikuwa na kijana mdogo, na kushotoni walikuwapo wazee. Akamwomba yule mdogo idhini ya kuwatanguliza wazee, naye akakataa kumwachia mtu mwingine fungu lake litokalo kwa Mtume, na Mtume akampa yeye. Habari ya pili imo katika Sahihi ya Muslim: Anas bin Malik, naye akali mtoto, alitumwa na Mtume haja fulani, na alipochelewa kurudi nyumbani mama yake akamwuliza haja hiyo ilikuwa ni nini; alipojibu kwamba ni siri, mama hakumkasirikia wala hakumlazimisha, bali alimwusia asimwambie mtu siri ya Mtume. Yule aliyekuwa bora wa viumbe alimwomba mtoto ruhusa kwa ajili ya funda la kinywaji, na mama wa Kiislamu aliistahi siri iliyo kifuani mwa mwanawe. Nasi je, ni nani kati yetu aliyemwuliza mwanawe kabla ya kuirusha picha?

Zaidi ya dhuluma hii kwa nafsi ya mtoto, kuna madhara ambayo si ya kukisia. Picha ya mtoto aliyevaa sare humtajia asiyejulikana jina la skuli yake; picha ya mlangoni humwonyesha nyumba; maneno ya siku ya kuzaliwa humpa jina na umri; na akivikusanya pamoja, mtu mwovu amekwisha kupata anachokihitaji kumwita mtoto kwa jina lake na kujidai kuwa ametumwa na mama. Picha za watoto wanaooga, ambazo mama amezirusha kwa mapenzi, huokotwa na watu wenye matamanio machafu. Na siku hizi, kwa akili mnemba, uso wa mtoto huweza kutolewa katika picha ya Idi iliyo safi kabisa ukabandikwa juu ya mwili wa uchi. Na yule mtoto aliyechekwa leo atafika umri wa kuposa au kuposwa, na wenzake wataichimbua aibu ile ambayo mama yake aliiona ni mzaha wa siku moja.

Ama habari ya kijicho, sote twajua kuwa Mtume ametufundisha kwamba jicho ni haki, na kwamba alikuwa akiwakinga Hasan na Husein kwa maneno ambayo Nabii Ibrahim akiwakingia Ismail na Is-haka. Wazee wetu nao walikuwa hawamtoi nje mtoto mchanga kabla ya arubaini, na mtu akimsifu mtoto pasi na kusema mashaallah alikumbushwa papo hapo. Sisemi kwamba kila homa hutokana na husuda, kwani hilo nalo ni upotofu. Nasema ni ajabu kwa mtu kumfungia mtoto ndani siku arobaini kwa kuogopa macho ya mtaa mmoja, na siku ya kwanza akamweka mbele ya macho ya dunia nzima.

Wapo watakaosema kwamba Mwenyezi Mungu ameamrisha katika Suratudh-Dhuha kuzisimulia neema zake, na mtoto ni neema. Hili ni kweli; walakini Mola huyo huyo ametusimulia kwamba Nabii Yakub, aliposikia ndoto ya mwanawe Yusuf, nayo ilikuwa neema kubwa na bishara ya unabii, alimkanya asiwahadithie hata ndugu zake, kwa kuwa alizijua nyoyo za watu. Neema husimuliwa kwa anayeifurahia, na kwa kadiri isiyomdhuru aliyeneemeshwa. Bibi aliye Tanga na shangazi aliye Maskati wana haki ya kumwona mtoto: basi na wapelekewe wao wenyewe, kwa wasia kwamba picha isitoke mikononi mwao.

Na wapo wanaosema, “Mtoto mwenyewe amekubali, tena anapenda.” Hawa tunawaambia kwamba mtoto akikubali kuiuza nyumba yake kwa peremende, kadhi hataipitisha biashara hiyo, kwa kuwa hana rushdi ya kuijua thamani ya anachokitoa. Idhini ya mtoto haitoshi kumhalalishia mzazi, lakini kukataa kwake kwatosha kumzuia. Mtoto akiufunika uso kwa mikono, au akisema, “Mama, usinipige picha,” amekwisha kuidai haki yake kwa lugha aliyo nayo, na wajibu wetu ni kuishusha simu.

Wengine wamefika hadi ya kumfanya mtoto kitega uchumi, wakimchezesha na kumvisha kwa ajili ya matangazo, na malipo yakaingia katika mfuko wa wakubwa. Jambo hili limewatanabahisha hata wasiokuwa wa dini yetu: Ufaransa, kwa sheria ya mwaka 2020, iliamuru kwamba sehemu ya fedha anazochuma mtoto aliye chini ya miaka 16 kwa video za namna hii iwekwe amana hata afikie utu uzima, hukumu inayokaribia ile ya Suratun-Nisaa tuliyoitaja, kisha mwaka 2024 ikawakumbusha wazazi kwa sheria nyingine kwamba kuilinda faragha ya mtoto ni katika wajibu wa ulezi. Kwetu nako, Kenya ilitunga sheria ya kulinda taarifa za watu mwaka 2019, na Tanzania mwaka 2022. Na sheria ya Kenya imesema taarifa za mtoto zisitumiwe ila kwa idhini ya mzazi au mlezi, na kwa namna inayolinda maslaha ya mtoto. Sheria, basi, imemsimamisha mzazi awe bawabu wa mlango. Na bawabu akiwa ndiye auachaye wazi, sheria itamsaidia nani?

Neno langu la mwisho kabla ya nasaha ni kwa walimu wa madrasa na wasimamizi wa vituo vya mayatima. Ramadhani ikiingia, twawaona watoto wamepangwa safu, kila mmoja na mfuko wake wa unga au kanzu yake mpya, na wafadhili nyuma yao wakitabasamu, na chini yake yameandikwa maneno yanayomtaja mtoto kwa ufukara wake na kwa kufiwa kwake. Mwenyezi Mungu ametukataza katika Suratul-Baqara, aya ya 264, tusizibatilishe sadaka zetu kwa masimbulizi na udhia. Na kuna simbulizi gani linalodumu kuliko picha? Mfadhili akitaka ushahidi, aonyeshwe hesabu, risiti na magunia. Uso wa yatima uachwe, kwani mwenye kuutetea amekwisha kuzikwa.

Na toba, kama walivyoieleza wanazuoni, ni kuliacha kosa, kulijutia na kuazimia kutolirudia. Na likiwa linahusu haki ya mja, ni sharti haki hiyo irejeshwe au mwenyewe aombwe radhi. Basi ukiisha kusoma haya, ichukue simu yako uzipitie picha ulizozieneza: ya uchi uifute, ya kilio uifute, ya ugonjwa na ya adhabu uifute, na yenye kutaja skuli na nyumba uifute, uwaombe waliozichukua nao wafute, na mwanao akiwa ni mwenye kufahamu, mwite umtake radhi, kwani haipungui heshima ya mzazi kwa kumwomba msamaha aliyemdhulumu. Ukitaka kuweka ukumbusho wa utoto wake, uuweke nyumbani, umkabidhi mwenyewe atakapobaleghe na kuwa na rushdi, aamue yeye nani auone.

Kila mmoja wetu ni mchunga, na kila mchunga ataulizwa juu ya alichokichunga. Enyi baba na mama, wasitirini watoto wenu kama mnavyotaka Mwenyezi Mungu awasitiri ninyi siku ambayo ndimi, mikono na miguu itashuhudia. Na msingoje kuamrishwa na serikali jambo ambalo Mola wenu amekwisha kuwaamrisha. Wabillahi tawfiq.