Fedha ya Kuonyesha

Jioni moja walikuja nyumbani kwangu, hapa Kpandroma, baba mmoja na mkewe pamoja na mtoto wao wa kiume. Kijana huyu nilimfundisha hesabu miaka miwili. Amepata diploma ya Serikali kwa asilimia nzuri, na kwa mwaka mzima amejifunza kutunga programu za kompyuta kwa kutumia simu ya mkononi yenye kioo kilichopasuka, akiichaji kwa paneli ya jua ya jirani. Sasa alikuwa na barua mkononi. Chuo kikuu kimoja cha Kanada, kinachofundisha kwa Kifaransa, nje ya jimbo la Quebec, kimemkubali kusomea elimu ya kompyuta. Nilifurahi sana, nao walifurahi, tukanywa chai.

Ndipo baba akatoa neno lililowaleta. Serikali ya Kanada haimpi mwanafunzi ruhusa ya kuingia mpaka aonyeshe kwamba ana fedha za kuishi. Kwa miaka ishirini hivi kiasi hicho kilikuwa dola za Kanada 10,000 kwa mwaka. Tarehe 1 Januari 2024 kilipandishwa hadi 20,635, na tangu 1 Septemba 2025 kimekuwa 22,895, ndiyo zaidi ya dola 16,000 za Marekani. Tena humo hamna ada ya masomo wala nauli ya ndege. Mtu wa Kpandroma mwenye kulima viazi na kabichi atazitoa wapi? Lakini kuna mfanyabiashara mmoja aliyejitolea. Ataweka fedha zake katika banki huko Bunia kwa jina la baba wa kijana. Banki itaandika barua kwamba fedha zipo. Barua itapelekwa Kanada. Halafu mwenye mali atairudisha mali yake mfukoni, pamoja na faida kidogo. Watu huiita fedha ya kuonyesha. Kwangu walitaka jambo dogo tu: nitie sahihi karatasi ya pili, kushuhudia kwamba namfahamu baba huyu kuwa na biashara kubwa ya viazi, na kwamba akiba hiyo ni jasho lake la miaka mingi.

Nawaambieni kweli, wasomaji wapenzi, sikukataa. Nilisema, "Njooni kesho." Kijana nampenda, na nilijua kalamu yangu yaweza kumfungulia njia. Usiku ule nilikesha nikibishana na nafsi yangu.

Nilianza kwa kujitetea. Barua ya banki, nilijiambia, haina uongo ndani yake. Inasema fedha zipo, na kweli zipo. Asomaye akidhani ni za baba, kosa ni lake. Utetezi huu ni wa zamani sana. Walikuwako hata wataalamu wa teolojia waliofundisha kwamba mtu aweza kusema nusu ya neno kwa kinywa na kulimaliza kimya moyoni mwake, wala asiwe amesema uongo. Papa Inosenti XI aliyalaani mafundisho hayo mwaka 1679. Lakini hata asingeyalaani, hapa sokoni twajua habari hii vizuri. Mwuzaji ajazaye gunia majani chini na kutandaza viazi vizuri juu, hakutamka neno hata moja, na viazi vile vya juu ni viazi vya kweli. Ukifika nyumbani na kulifungua gunia, wamwitaje mtu huyo?

Basi utetezi huo ulianguka upesi. Uliokuja baada yake ulikuwa mzito, na hata leo sijaumaliza. Familia hii ilikuwa na ng'ombe kumi na mmoja. Tangu mwisho wa mwaka 2017 vita vilirudi katika wilaya yetu ya Djugu. Nyumba zilichomwa, mifugo ikachukuliwa, watu kwa maelfu wakakimbilia Bunia, wengine wakavuka Ziwa Albert kwenda Uganda. Leo hawana hata ndama. Na mtu aliyenyang'anywa mali ndiye anayeambiwa: onyesha mali, ndipo mtoto wako asome! Mtoto wa tajiri apitaye kwa asilimia ya chini kuliko huyu ataingia bila kuulizwa mara ya pili. Sisemi sheria hiyo yamtendea maskini haki. Na kama haimtendei haki, je, anawiwa ukweli na mwenye kuitumia?

Hapo nikakumbuka siku za vita. Wako akina mama waliosimama mlangoni mbele ya watu wenye bunduki, wakasema, "Humu hamna mtu," na jirani amelala chini ya kitanda. Mtakatifu Augustino, aliyeandika kitabu juu ya uongo mnamo mwaka 395 na kingine mnamo mwaka 420, alishikilia kwamba hata uongo wa kuokoa uhai haufai. Wengine katika Kanisa wamelitazama jambo hilo kwa namna nyingine, na mabishano hayajaisha. Mimi sithubutu kumhukumu mama wa namna ile. Nadhani ningesema kama yeye. Basi, nikajiuliza, kama yeye alisema vile, kwa nini mimi nisimwambie karani wa visa neno litakalomwokoa kijana?

Hapa nilikwama, nikakaa muda mrefu gizani. Mwenye bunduki alikuja mlangoni pa mama bila kuitwa, akitafuta damu. Karani wa Kanada hakuja kwetu. Sisi ndio tuliobisha hodi kwake, tukaomba kuingia, naye akatuuliza: mtoto huyu atakula nini? Swali hilo laweza kumwumiza maskini, lakini si swali la muuaji. Kwa kweli ni swali ambalo mimi, mwalimu wake, nilipaswa kuuliza kwanza, wakati tunakunywa chai, na sikuliuliza.

Maana kiasi kile hakikupandishwa bure. Serikali ya Kanada ilieleza kwamba 10,000 zilikuwa hazitoshi tena. Wanafunzi walifika na kukuta kodi ya chumba na bei ya chakula zimewazidi. Wako waliopanga mstari mahali ambapo maskini hugawiwa chakula. Mwanafunzi mgeni aruhusiwa kufanya kazi nje ya chuo saa 24 tu kwa juma wakati wa masomo. Sasa mfikirieni kijana wetu. Karatasi yake yasema ana dola 22,895, mfuko wake hauna kitu, na nyumbani baba ana deni la faida kwa mfanyabiashara. Theluji imeanguka, kodi ya chumba imefika. Atafanya kazi usiku kucha na mchana asinzie darasani, huku akimwandikia mama yake kwamba yote ni mema. Fedha ya kuonyesha hailiwi. Tulidhani tunamdanganya karani, kumbe mwenye kudanganywa ni mtoto. (Wajerumani, naona, wanaufahamu mchezo huu: wao tangu 2024 wataka euro 11,904 ziwekwe katika akaunti iliyofungwa, mwanafunzi achote 992 kwa mwezi, basi. Waingereza wao wadai fedha zilale katika akaunti siku 28 mfululizo.)

Sitasema mengi juu ya hatari ya kukamatwa. Kanada humfungia mlango miaka mitano aliyetoa habari za uongo, na barua nyingine zitakazotoka Bunia zitatazamwa kwa shaka. Lakini mtu anayeacha uongo kwa kuogopa adhabu tu, ataurudia siku adhabu isipoonekana.

Lililonisumbua zaidi ni kazi yenyewe anayokwenda kujifunza. Kompyuta hushika hesabu za banki, majina ya wagonjwa, orodha za wapiga kura. Mashine hupokea lolote iliyopewa, haioni haya, wala haiulizi, "Hii ni kweli?" Siku moja kijana huyu huenda akakaa peke yake usiku mbele ya hesabu za watu elfu kumi, na hakuna atakayejua akibadili tarakimu moja. Watu hao hawatakuwa na mlinzi ila moyo wake. Nami niliyemfundisha kwamba mbili na mbili ni nne, ndimi nitakayetia sahihi mstari wa kwanza wa uongo katika faili lake?

Mtakatifu Augustino mwenyewe aliwahi kuwa mwanafunzi aliyekosa ada. Alipokuwa na miaka kumi na sita alikaa nyumbani Thagaste mwaka mzima bila masomo, kwa sababu baba yake, mtu wa mali kidogo, alikuwa akikusanya fedha za kumpeleka Karthago. Tajiri mmoja wa mji, Romanianus, akawasaidia, tena hadharani, wala si kwa kuonyesha tu. Miaka mingi baadaye, mwaka 383, alipotaka kwenda Roma, alimwambia mama yake Monika kwamba anamsindikiza rafiki tu, kisha akapanda merikebu usiku na kumwacha pwani akisali. Aliieleza habari hiyo mwenyewe alipokuwa askofu. Hakuisahau.

Asubuhi walikuja. Niliwaambia sitatia sahihi. Baba akakasirika, akasema, "Mwalimu, wewe una mshahara, ni rahisi kwako kuwa mtu safi." Sikuwa na jibu, maana kuna ukweli ndani yake. Mama alinyamaza. Kijana akauliza, "Mwalimu, nikikosa mwaka huu, nimekosa kabisa?" Tukaketi tena. Tukakubaliana aandike Kanada kuomba nafasi yake isogezwe mwaka mmoja, na aulize kama kuna msaada wa masomo. Tukazungumza pia juu ya Uganda: Makerere ilianzisha chuo chake cha elimu ya kompyuta mwaka 1985, na maaskofu wa Uganda walianzisha chuo kikuu chao huko Nkozi mwaka 1993. Itambidi ajifunze Kiingereza, na ada zipo huko pia, lakini kupita Mahagi si kama kuvuka bahari, na viazi vya baba vyaweza kufika mbali kidogo katika hesabu ile. Kijana hakufurahi. Kanada ilikuwa imekwisha ingia usingizini mwake.

Nilimwandikia barua nyingine, ya kweli. Nilitaja maksi zake za hesabu, na simu ile yenye kioo kilichopasuka. Nikaandika kwamba baba yake hulima viazi, kwamba alikuwa na ng'ombe kumi na mmoja, na kwamba leo hana hata mmoja. Baba aliisoma mara mbili, akaikunja, akaondoka bila kuaga. Mfanyabiashara, nasikia, amekwisha pata mtu mwingine. Jibu kutoka Kanada bado halijafika, na yule baba hajapita tena kwangu kunywa chai.