Kijiti cha Kuchochea

Nilipokuwa mdogo niliachiwa mafiga nilinde chungu cha maharage. Moto ukalegea, nikaongeza kuni. Ukazidi kulegea, nikaongeza tena, mpaka moshi ukajaa jikoni na machozi yakanitoka. Bibi akaingia. Akachomoa kuni mbili, akashika kijiti chenye ncha iliyoungua, akalifukua jivu lililofunika makaa. Moto ukalipuka. "Umeushindilia kama gunia, mjukuu wangu," akasema, akatoka.

Nimemkumbuka juzi nikifuatilia kitenzi cha Kiingereza, "stoke". Siku hizi ukimuuliza mtu maana yake, atakutajia kutia makaa tanuruni. Lakini kitenzi hiki kimetoka kwa Waholanzi, na katika "stoken" ya zamani mlikuwa na kuchokoa, kusukumasukuma kwa kijiti. Tena Waingereza hawakukianza kwa tendo. Katika karne ya 17 walimchukua kwanza mtu, "stoker", mtunza tanuru. Baadaye wakamkata mkia, ndipo wakapata la kutenda. Ni kama sisi tungemjua mchochezi kabla hatujajua kuchochea. Lugha hukatakata maneno bila falsafa yoyote, najua, ila hapa bahati imesema kweli: kuutunza moto kulikuwa ufundi wa mtu kabla ya kuwa tendo la yeyote.

Na ulikuwa ufundi hasa. Titanic, iliyozama mwaka 1912, ilikuwa na matanuru 159 katika boila 29, yakila tani zipatazo 600 za makaa ya mawe kwa siku. Mule ndani mlikuwa na kifaa cha kuwaambia wachochezi ni tanuru lipi limefikia zamu yake. Mlango ukikaa wazi mno, hewa baridi huingia na mvuke hushuka. Makaa yakirundikwa, moto husongwa. Kwa hiyo mtu alitandaza makaa kwa tabaka jembamba, akakwangua mabonge yaliyoganda, akatoa majivu. Sehemu ya kazi yake ilikuwa kuondoa.

Kiswahili kimeyatenga mambo haya vizuri. Anayeanzisha moto anaukoka, au anauwasha. Anayechochea ameukuta. Atausogeza ukuni ndani, ataupa nafasi, lakini hawezi kuchochea jiko lililopoa. Akichokoa jivu tupu atapata vumbi. Na kutoka kwenye kuchokoa tumepata kuchokoza, kwa maana kijiti kile kile kinaweza kuelekezwa ubavuni mwa mtu.

Basi tumtazame mchochezi wa mahakamani. Sheria za uchochezi tulizoachiwa na wakoloni zilimshtaki aliyesema au kuandika maneno ya kuwafanya watu waichukie serikali. Kenya ilizifuta mwaka 1997. Uganda, Mahakama ya Katiba ilizibatilisha mwaka 2010. Shida yangu na sheria hizo inaanzia kwenye neno lenyewe. Ukimwita mtu mchochezi umeshakiri kwamba moto ulikuwapo. Wenye mashtaka, hata hivyo, walizungumza kana kwamba kijiji kizima kilikuwa kimepoa mpaka mtu huyo alipofika na kiberiti. Nani alikoka? Kuni zilikuwa za nani? Hayo hayakuulizwa kwa bidii.

Simtetei kila mwenye kijiti. Wapo wanaofukua makaa penye nyumba za makuti na upepo unavuma, wakijua. Hao wana hatia yao, nayo haipungui kwa sababu moto waliukuta. Lakini ni hatia nyingine, na mwenye kukoka asijifiche nyuma yake.

Kijiti cha Bibi kilikaa wima pembeni ya ukuta, ncha yake nyeusi juu. Kila alipokitumia kiliungua kidogo, kikafupika, mpaka siku moja mkono wake ukawa karibu mno na makaa. Akakitupa mafigani pamoja na kuni nyingine, akanituma uani nikamtafutie kingine.