Mtoto Mwenye Pumu na Baridi ya Nje

Katika mwezi wa Julai tulifika katika nyumba moja ya nyanda za juu za Njombe, mahali palipo karibu mita 2,000 juu ya bahari. Wasomaji wetu wa pwani huenda hawaijui baridi ya huko: asubuhi ukungu hulala juu ya mashamba ya viazi, na watu hutembea wamejifunika mablanketi. Uani watoto walikuwa wakikimbiza mpira wa matambara kwa kelele za furaha. Mmoja tu, wa umri wa miaka mitano hivi, alikuwa ameketi jikoni karibu na mafiga, akiwatazama wenzake kwa upenyo wa mlango. Tulipomwuliza mama yake sababu, alijibu, “Padre, huyu ana pumu. Baridi ya nje itaniulia mwanangu.” Aliyasema hayo huku akifuta machozi, si ya huzuni bali ya moshi, maana moshi wa jikoni mle ulikuwa mwingi hata sisi wenyewe tulianza kukohoa. Dawa ya kuvuta aliyopewa hospitali alikuwa ameiweka sandukuni, akihofu mtoto asije akaizoea.

Tangu siku ile swali halijatutoka moyoni: Je, yampasa mzazi kumzuia mtoto wa namna hii asicheze nje wakati wa baridi? Wengine watasema kwamba hiyo ni kazi ya daktari, wala si ya mhariri. Kweli, daktari ana sehemu yake. Lakini kuamua mtoto apewe uhuru gani, na nani aibebe hatari yake, ni jambo la dhamiri, na wazazi huliamua kila asubuhi wala daktari hayupo.

Kwanza twataka kusema wazi kwamba hatumcheki mama yule. Pumu si ugonjwa wa mchezo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 262 walikuwa nayo, na watu 455,000 walikufa kwa ajili yake, wengi wao katika nchi zenye kipato kidogo na zile za kipato cha kati cha chini. Mzazi aliyekesha usiku mzima akisikiliza kifua cha mwanawe kikilia kama filimbi hana haja ya kuambiwa ugonjwa huo ni nini. Tena baridi yaweza kweli kuleta taabu. Mirija ya hewa katika mapafu ya mwenye pumu imevimba, nayo hushtuka upesi. Mtoto akikimbia hupumua kwa kinywa, na hewa baridi na kavu huingia bila kupashwa joto na pua. Hapo mirija hujikaza, na njia ya pumzi huwa nyembamba.

Walakini baridi si adui pekee. Kwa watoto wadogo pumu huamka mara nyingi baada ya mafua, na mafua huambukizwa na watu, hasa wanapobanana ndani ya chumba kisichopitisha hewa. Moshi wa kuni, wa mkaa na wa sigara huiumiza mirija ile ile. Basi mama yule, kwa upendo wake wote, alikuwa amemwondoa mwanawe katika hatari aliyoiona na kumweka katika hatari asiyoiona.

Kwa nini hutenda hivyo wazazi wengi walio wema? Sisi twaona sababu yake ni hii. Mtoto akitoka nje na kifua kikambana, kila mtu atajua ni nani wa kulaumiwa. Majirani watasema, “Alimwacha mtoto mgonjwa baridini.” Mama mkwe naye atasema hivyo hivyo. Lakini mtoto akikaa jikoni miaka mitatu, akavuta moshi, viungo vyake vikalegea, akakosa marafiki na kuanza kujiona hafai mbele ya wenzake, hakuna atakayemlaumu mzazi. Bali watamsifu kwamba ni mwangalifu. Kwa hiyo katazo tunaloliita ulinzi wa mtoto mara nyingi ni ulinzi wetu sisi wenyewe tusilaumiwe, na anayelipa gharama yake ni mtoto.

Wazee walituachia methali mbili. Ya kwanza yasema, Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Ya pili yasema, Mchelea mwana kulia hulia yeye. Mwenye hofu ataishika ya kwanza na kufunga mlango. Mzazi mkali ataishika ya pili na kusema, “Mwacheni akazane, pumu itaisha yenyewe.” Kila mmoja atajiona ana haki, na wote wawili wamekosa. Mwenye busara hazitupi methali hizo, ila huzipima pamoja. Haulizi tu kama hatari ipo. Huuliza ni kubwa kiasi gani, naye afanye nini ili ipungue.

Na kuipunguza kwawezekana. Dawa ya kuzuia, ile ya kuvuta, itumiwe kila siku kama daktari alivyoagiza, hata siku ambazo mtoto haumwi. Na dawa ya kutuliza iwe karibu. Dawa hizo hazimfanyi mtoto mtumwa wake. Zikifungiwa sandukuni ndipo ugonjwa unapomtawala. Watoto wadogo hawawezi kuivuta dawa vizuri bila chombo cha kuikusanya, lakini mwaka 1999 madaktari wa Afrika Kusini walionyesha kwamba chupa ya plastiki ya mililita 500, ikitengenezwa inavyopasa, yaweza kufanya kazi hiyo. Mtoto asitoke mpaka jua limepanda. Avikwe sweta, na kitambaa kifunike pua na kinywa. Aanze kwa kutembea kabla ya kukimbia. Akiwa na mafua, au ikiwa alikohoa usiku, siku hiyo abaki ndani, na humo ndani pasiwe na moshi. Lakini akishindwa kusema kwa kukosa pumzi, au mbavu zikididimia, au midomo ikibadilika rangi, apewe dawa ya kutuliza na kukimbizwa hospitali mara moja.

Mzigo huu usiachiwe mama peke yake. Baba aliyejenga jiko lisilo na dirisha ana sehemu yake katika kikohozi cha mwanawe. Mwalimu sharti aambiwe dawa iko wapi. Na jirani, kabla ya kulaumu, afadhali ajifunze kumtazama mtoto yule anapocheza na wa kwake.

Jackie Joyner-Kersee wa Marekani alikuwa na pumu, naye mwaka 1988 alitwaa medali mbili za dhahabu katika Olimpiki ya Seoul. Hatumtaji ili kila mtoto atakiwe kuwa bingwa. Twamtaja ili wazazi wajue kwamba mwenye pumu hakuhukumiwa kukaa karibu na mafiga maisha yake yote.

Hata baada ya hayo yote, hatuwezi kumwahidi mama yule kwamba kifua cha mwanawe hakitabana tena. Hakuna awezaye kuahidi hivyo. Kulea mtoto ni kukubali hatari fulani kwa ajili ya mtu ambaye bado hawezi kujichagulia, na kuikubali kwa macho yaliyo wazi. Basi, mama, itoe dawa sandukuni, ukamwulize daktari namna ya kuitumia. Kisha jua likipanda, mvike mwanao sweta, mfungulie mlango, nawe usimame hapo mlangoni ukimtazama.