Kuuliza Mbele ya Kujibu

Hapa kwetu Kolwezi, imani tatu ao ine zinaweza kukaa ndani ya lupango moja. Baba ni Mukatoliki, mama anasali kwa Wametodiste, mutoto mukubwa ameingia kanisa la uamsho, na nkambo angali anawaita wazee waliokufa kwa majina yao. Siku zote wanakula bukari pamoja. Lakini kilio kikiingia, maneno inaanza: nani ataongoza maombi? Desturi za ukoo zitafuatwa ao zitaachwa? Hapo wengi wetu tunajua njia mbili tu, kugombana ao kunyamaza.

Wengine wanasema kunyamaza ndiyo heshima. Sisi hatukubali vile. Mara nyingi tunamunyamazia mutu sababu tumekwisha kumuhukumu ndani ya roho: huyu ni mupagani, yule amedanganywa na pasta wake. Heshima gani iko pale?

Historia ya muji wetu inatupa mufano. Padri Placide Tempels, Mufransisko kutoka Ubelgiji, alifika Kongo katika 1933. Katika 1945 alitoa kitabu chake juu ya filozofia ya Wabantu. Yeye mwenyewe alieleza baadaye kwamba miaka mingi alisimama mbele ya watu kama bwana mwenye mafundisho tayari, na mafundisho hayakuingia. Basi akageuza kazi: akaanza kuuliza watu wao ni nani na wanatafuta nini. Walimujibu kwamba wanatafuta uzima, uzazi na mapendo. Akaona kwamba na yeye anatafuta vilevile. Kutoka 1953, hapa Kolwezi, kati ya wafanyakazi wa Union Minière na wake zao, mazungumzo yale yakazaa Jamaa.

Tusisifu kupita kiasi. Padri alikuwa Muzungu wakati wa ukoloni, na mufanyakazi wa kambi hakuweza kumujibu kila kitu bila woga. Tena, Jamaa yenyewe, iliyozaliwa katika kuulizana, ilikuja kuwa na vikundi vyenye kujifunga na mafundisho yao. Katika miaka ya 1970 maaskofu wakaikemea. Tunaona hapa kwamba kusikiliza hakurithiwi kama lupango. Kila kizazi kinaanza upya.

Basi tufanye namna gani? Mbele ya kumupinga mwenzako, eleza imani yake kwa maneno yako, mpaka yeye mwenyewe aseme: "Ndiyo, ni vile." Kisha sema wazi pale munapoachana. Mwenye kufikiri kwamba nkambo anaabudu wafu, amuulize kwanza. Pengine nkambo atajibu: "Siwaabudu, mutoto wangu. Ninawakumbusha tu kwamba tungali watoto wao." Mabishano hayatakwisha, lakini sasa yatakuwa juu ya kitu ambacho nkambo anaamini kweli.

Kuna mupaka. Kifo kikiingia katika jamaa, ao kazi ikikosekana, na mutoto akaanza kuitwa mulozi, tusidanganyike kwamba kuheshimu imani ya watu ni kuwaacha waendelee. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mutoto inakataza kumushitaki mutoto bulozi. Lakini tukiwaambia wazazi, "Nyinyi ni wajinga," watafunga mulango, na mutoto atabaki nyuma yake. Tuwaulize: "Baba, mama, mateso ilianza siku gani? Nani aliwaambia ni huyu mutoto?" Wakati wakubwa wanazungumza, mutoto alale nyumbani, ale, aende masomo. Juu ya hilo hatubishani. Juu ya mengine yote tuketi, tuulizane.